Kalunde na Nyuzi za Manjano

Kisa kije, wajukuu? Kije! Basi kimefika, kipisheni njia.

Hapo kale sana, milima ilipokuwa ingali ikichagua pa kukaa, paliishi mwanamke aitwaye Kalunde. Mwaka mmoja mvua zilikataa, mtama ukakauka; kijiji kizima kikawa kinaishi kwa mboga za bonde lenye chemchemi.

Asubuhi moja Kalunde akakuta kunde zake zimevikwa nyuzi. Nyuzi za manjano, nyembamba kama nywele, zinang'aa, zinang'aa mpaka macho yanauma!

"Mizimu imetukumbuka," akasema mama mkwe wake, Bi Misoji. "Usiziguse, mwanangu."

Watu wakaja kutazama. Wakazikata, wakajivika shingoni, wakarudi nazo bustanini mwao. Ehe! Mnaona walichokuwa wakibeba?

Kalunde akapiga magoti kuutafuta mzizi. Akafuata uzi mmoja, akafuata, akafuata. Hauna mzizi! Hauna jani! Akakata kipande cha urefu wa kidole, akakizungushia kwenye mnyanya mzima. Baada ya siku chache kilikuwa kimeuma shina, kimerefuka kama mkono wake. Kitu hakina mdomo, nacho kinakunywa!

"Mama," akamwambia mkwewe, "uzuri huu ni damu ya mboga zetu. Na sasa unatoa maua. Ukimwaga mbegu, bonde limekwisha."

"Basi toa nyuzi, uache kunde."

"Zikikatika, kila kipande kinaanza upya. Nang'oa kunde na nyuzi zake, nachoma."

"Katika njaa hii? Tutakula nini, Kalunde?"

Kalunde akainamia kunde. Akang'oa, akang'oa, tuta kwa tuta, machozi yanamtoka, akachoma papo hapo. Moshi ulipopanda, Bi Misoji akatazama ng'ambo ya chemchemi. Bustani za waliojivika zilikuwa manjano tupu, mboga zimelala chini. Bibi yule akajifunga kibwebwe, akaingia matutani. Kijiji kikamfuata.

Walikonda, wajukuu, walikonda sana; lakini nusu ya bonde ilipona, na hakuna aliyezikwa.

Mvua ziliporudi, Kalunde akapanda mtama kwenye lile jivu, maana aliona nyuzi zikipita juu ya nyasi bila kuziuma, na mtama ni ndugu wa nyasi. Mtama miaka sita. Mwaka wa saba akarudisha kunde, na hapo, kwenye tuta la mwisho, uzi mmoja ukachomoza udongoni, unapapasa hewa, unatafuta. Miaka sita mbegu ilikuwa imelala ikingoja!

Kalunde akaupigia magoti, kama mtu aliye mbele ya mfalme. Kisha akaung'oa.

Kisicho na mzizi wake hula mzizi wa mwenyeji, wajukuu. Kiondoeni kingali uzi.

Kisa nimekitua chini. Mwenye mabega akibebe.