Goli Lililokuja kwa Miguu

"Paukwa."
"Pakawa."
"Waliokuja na masikio?"
"Wakae mbele."
"Waliokuja na macho tu?"
"Wasubiri, yatawafikia."

Hapo kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, Fisi alikuwa na televisheni. Upande huu wa kilima ilikuwa hiyo moja tu. Upande wa pili kulikuwa na uwanja wa mpira, lakini Fisi hakwenda uwanjani. Alisema kule kuna jua, kuna vumbi, na hakuna pa kuegemea. Alikaa sebuleni, akafungulia sauti mpaka mwisho, akatafuna mifupa. Kakara, kakara, kakara.

Jambo moja tu lilimkera. Picha ilikuwa ikikatika. Fundi akamwambia kwamba dishi linataka kukaa juu ya jabali. Na juu ya jabali aliishi Pimbi na watoto wake wanne.

Pimbi ni mdogo kama sungura, hana mkia, na ana wasiwasi mwingi. Kila akiingia pangoni huhesabu watoto mara tatu, na mara ya nne kwa uhakika.

Jumamosi moja asubuhi Fisi akafika chini ya jabali, dishi mgongoni.

"Wewe usiye na mkia, hama. Dishi litakaa juu, na pangoni nitaweka mifupa."

"Mjomba, watoto hawa nitawapeleka wapi?"

"Waulize wenyewe."

Fisi akapanda. Akateleza, pwata. Akapanda tena. Akateleza, pwata. Akapanda mara ya tatu. Pwata, na dishi likamwangukia kichwani.

"Sawa," akasema, akijipangusa. "Sina haraka. Watoto lazima washuke kula majani. Watanikuta hapa hapa."

Meno ya Pimbi yakagongana, ka-ka-ka. Lakini mwenye wasiwasi husikia mengi. Kila Jumamosi, akiwa juu ya jabali, Pimbi alisikia uwanja ukilipuka, hoyeee. Kisha akavuta pumzi kumi. Ndipo televisheni ya Fisi iliposhangilia. Pumzi kumi, si tisa, si kumi na moja. Kelele za uwanjani zilikuja kwa miguu, zikakata kilima moja kwa moja. Picha ilipanda kwanza mpaka kwenye setilaiti huko angani, ikageuka, ndipo ikashuka kwenye dishi.

"Mjomba," akasema Pimbi, "leo Swala wa hapa kwetu wanacheza na Ngiri wa ng'ambo ya mto. Nitakutabiria mambo matatu kabla hujayaona. Nikikosa hata moja, nahama leo leo, na dishi nakupandishia mwenyewe. Nikipata yote, usiguse tena jabali langu."

Fisi akayatazama magoti yake yaliyochubuka. Akaitazama miguu ya Pimbi, inayonata kwenye mwamba. Akacheka.

"Kobe awe shahidi. Usije ukasema nimekuonea."

Fisi akalirudisha dishi nyumbani, na mchana wakakusanyika kwake. Fisi kwenye kochi, Kobe mkekani, Pimbi dirishani, sikio moja ndani, sikio moja nje.

"Mjomba, ongeza sauti. Sisi wadogo hatusikii vizuri."

Fisi akaongeza. Mtangazaji akanguruma, kuta zikatetemeka, Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Kakara, kakara, Fisi akatafuna.

Huko nje, hoyeee.

"Swala wanafunga," akasema Pimbi.

"Wanafunga wapi? Mpira uko kwa kipa wao."

Pumzi kumi. Swala wakafunga. Fisi akaacha kutafuna, kisha akaendelea.

Huko nje, hoyeee, na ngoma, tindi-tindi-tindi.

"Wanafunga tena."

"Kwa mchezaji gani, yule anayefunga kamba za kiatu?"

Pumzi kumi. Swala wakafunga, na mfungaji alikuwa yule yule wa kamba.

Fisi akasimama. "Kumbe huyu mtangazaji anakunong'oneza." Akachukua rimoti, akaizima sauti. Nyumba ikawa kimya, isipokuwa taya zake.

Kwenye picha, mwamuzi akaonyesha penalti ya Swala.

"Haya, sema. Anafunga au anakosa?"

Pimbi akatega sikio. Kutoka nyuma ya kilima ikaja filimbi, piriii. Penalti ilikuwa inapigwa. Pumzi moja, kimya. Pumzi mbili, kimya. Je, kama upepo umegeuka? Pumzi tatu. Hakuna hoyeee, hakuna tindi-tindi.

Pimbi akakumbuka jambo alilojifunza kwa Jumamosi nyingi: furaha hupanda kilima, majonzi hukaa pale pale yalipozaliwa.

"Anakosa," akasema.

"Swala hakosi penalti," akasema Fisi, kinywa kimejaa mfupa. Kakara, kakara.

Kwenye picha Swala akarudi nyuma, akakimbia, akapiga. Mpira ukapita juu ya mwamba wa goli, ukanasa kwenye mgunga.

Kobe akanyoosha shingo. "Nimeshuhudia."

"Umeshuhudia nini? Ulikuwa ndani ya gamba."

"Sauti ulipoizima nilitoka. Nimesikia yote, mjomba. Yote."

Fisi akabeba dishi lake, akalitundika kwenye waya wa kuanikia nguo uani, ambako picha iliendelea kukatika. Pimbi akapanda jabali, akahesabu watoto. Wanne. Akahesabu tena. Wanne. Akalala kifudifudi juu ya mwamba wenye joto, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi bila kuihesabu.

Na Fisi? Jumamosi iliyofuata akasema, huko uwanjani kuna siri. Akaenda. Akabeba televisheni, dishi, waya na kochi. Akakaa kando ya mstari, akaupa uwanja mgongo, akatazama. Mashabiki waliposhangilia, akawageukia.

"Acheni kelele," akasema. "Goli bado."

Funzo la hadithi hii, wenzangu, ni hili: mpira utazame nyumbani. Uwanjani kuna jua, kuna vumbi, na mambo hutokea mapema mno.

Hapa kwenye jabali ndipo ngano yangu inapolala. Mimi nashuka, anayejua nyingine apande.