Wali wa Bibi Oshige

Ninyi wa bonde hili sina la kuwafundisha kuhusu mpunga. Mnajua mgongo unavyouma siku ya tatu ya kupandikiza miche. Mnawajua ruba. Basi leo nitawapeleka mbali kidogo, Japani ya zamani, enzi za mabwana wenye ngome na askari wenye panga mbili kiunoni.

Huko mpunga ulikuwa kila kitu. Kodi ililipwa kwa mchele. Askari wa bwana alipokea mshahara wake kwa mchele. Ukitaka kujua bwana fulani ni mkubwa kiasi gani, uliuliza ardhi yake inatoa mchele kiasi gani. Na mkulima je? Mkulima alivaa kandambili zilizosukwa kwa majani ya mpunga, alilala juu ya majani ya mpunga, na mvua ikinyesha alijifunika majani hayo hayo. Akikaa kula, alikula uji wa mtama na majani ya figili.

Msicheke. Nani kati yetu hajauza mchele mzuri akabaki nyumbani na chenga?

Sasa, katika kijiji kimoja cha milimani huko, kulikuwa na mjane aliyeitwa Oshige. Alipandikiza mpunga tangu ana miaka minane mpaka kiuno kikagoma kunyooka, akawa anatembea akiangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Kwetu tunasema mpunga, tunasema mchele, tunasema wali. Mama huyu aliujua mpunga. Mchele aliujua, aliupepeta kwa mikono yake. Wali mweupe, wa moto, aliula mara moja tu maishani, siku aliyoolewa.

Mwaka mmoja, mavuno yakiwa yameisha, akaugua. Siku ya nne aliukataa uji. Mwanawe Kyubei akapiga magoti kando yake, akamwuliza, "Mama, unatamani nini?"

Mama akageuza uso ukutani. Kisha akasema kwa aibu, kama mtu anayeomba kitu cha watu, "Wali, mwanangu. Matonge mawili tu. Nikumbuke ladha yake."

"Mama, mchele wetu wote umeshafungwa. Uko ghalani, unangoja watu wa bwana."

"Nenda kwa mkuu wa kijiji," akasema. "Mama yake alikufa siku ile aliyomzaa, mimi ndiye niliyemnyonyesha. Mlinyonya pamoja, wewe upande huu na yeye upande huu. Hatakunyima."

Kyubei akaenda. Akamkuta mkuu wa kijiji barazani kwake, akaeleza shida yake akiwa ameinamisha kichwa.

Mkuu wa kijiji akapumua. "Mchele wa ghalani hauguswi, unajua. Mtu ananyongwa kwa huo."

"Siombi wa ghalani, Mzee. Naomba konzi moja ya nyumbani kwako."

"Nikikupa wewe leo, kesho wagonjwa wote wa kijiji watajaa hapa mlangoni. Mpe mama yako uji wa mtama. Uji ni chakula pia. Na mwambie namwombea."

Sikieni hapo. Namwombea.

Kyubei akapita nyumba kwa nyumba. Huyu alisema hana. Yule alisema, "Ungekuja jana." Mmoja alimsikia akibisha, akakaa kimya ndani mpaka alipoondoka. Mwisho, kesho yake alfajiri, yeye na mke wake wakaingia shambani, kwenye matope yaliyobaki baada ya mavuno, wakawa wanaokota punje moja moja kati ya mabua. Kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Wakaokota tangu asubuhi mpaka jua likawa juu ya kichwa. Punje nyingine zilikuwa pumba tupu. Walipopata za kujaza kiganja wakatwanga, wakapepeta, wakakimbia nyumbani kuwasha moto.

Maji hayajachemka, mama akakata roho.

Sasa huko walikuwa na desturi. Mtu akifa, kichwani pake huwekwa bakuli la wali mweupe, uliojazwa mpaka ukawa kama kilima. Ni heshima ya marehemu. Kumkosesha ni aibu ya kijiji kizima.

Kabla maiti haijapoa, mke wa mkuu wa kijiji akaingia na bakuli. Wali unafuka moshi. Nyuma yake majirani. Yule aliyesema hana amebeba mchele kwenye kitambaa. Yule aliyekaa kimya ndani amebeba zaidi. Kumbe ulikuwepo, umefichwa kwenye mitungi chini ya mbao za sakafu. Nyumba ile maskini haikuwahi kunukia vile.

Mkuu wa kijiji akaja mwisho, amevaa nguo za msiba. Kyubei akamwuliza polepole, "Mzee, wali huu jana ulikuwa wapi?"

"Jana alikuwa mgonjwa," akajibu. "Leo ni marehemu. Marehemu lazima aheshimiwe."

Kyubei akalichukua bakuli kichwani pa mama yake, akalishika kwa mikono miwili, akamwekea mkuu wa kijiji mikononi.

"Basi mlishe," akasema.

Watu wakainama. Mkuu wa kijiji akasimama na bakuli lile, hajui aliweke wapi, na mvuke wa wali unampanda usoni. Hakuna aliyemsaidia. Jioni yake wakamzika Bibi Oshige, na wali ukazikwa naye.

Ndugu zangu, mnadhani nawasema Wajapani?

Bibi Subilaga alilala miezi mitano, nyumba ya tatu kutoka hapa kanisani. Mnajua alichokuwa anaomba. Supu. Supu ya kuku, kikombe kimoja. Nani alimpelekea? Nauliza, nyoosheni mikono. Alipokufa zilipikwa sufuria kumi na moja za pilau. Tuliteua kamati. Tulishona vitenge vya sare. Tuligombana juu ya rangi ya turubai. Na mimi mchungaji wenu, niliyekuwa nampitia mlangoni na kumwambia "tunakuombea, Bibi," nilikula pilau ile, nikaongezewa.

Sisi ni watu gani? Kwa nini mtu lazima afe ndipo tumwone? Mkono wetu unafunguka pale tu ambapo wa kupokea hawezi tena kufunga wake. Halafu tunaiita heshima. Mungu anaiita jina jingine, na nadhani mnalijua.

Mzee Ambakisye yuko kitandani sasa hivi, nyuma ya mashine ya kukoboa. Ijumaa nilimwuliza anatamani nini. Nilitegemea aniambie chakula. Alisema anatamani mtu wa kumwogesha. Leo ni Jumapili, na bado sijaenda.

Wimbo wa mwisho hatutaimba. Mimi natoka kwa mlango ule wa pembeni, nina sabuni mfukoni. Anayetaka kubeba maji, anifuate.