Trekta Lililosema "Tuko"

Mlio uliouzoea si uzima. Ndivyo alivyosema shangazi yenu asubuhi hii alipomsikia Hozza akikohoa. Hozza akamjibu, "Ah, shangazi, hiki kikohozi changu nimeshakizoea," nanyi nyote mkaangua kicheko. Sasa mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya. Haukutoka kitabuni wala haukushuka na mvua. Ulizaliwa hapa hapa Kwemhina, nyuma ya jiko la Bi. Hidaya, ndani ya tumbo la trekta. Wewe Hozza sogea karibu, maana hii ni yako hasa. Methali hii ilianza hivi.

Mume wa Bi. Hidaya, mzee Shekigenda, alikuwa na trekta dogo la bustani. Lilikuwa kuukuu tangu siku aliyolileta, kwani alilipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga bustani yake ya maua kule Lushoto mjini. Watu walimcheka wee! Katrekta kenyewe kafupi kuliko ndama, utakapanda au utakabeba? Mzee akawaacha na kicheko chao. Akalima nalo matuta ya kabichi na karoti kwenye miteremko ambako trekta kubwa lingebingirika mpaka Mombo kule chini bondeni. Waliocheka wakaanza kuja mmoja mmoja kuliazima.

Trekta hilo lilikuwa na mlio wake. Likipanda mlima na mzigo lilisema, tuko-tuko-tuko-tuko. Na watu wetu mnawajua, hawawezi kusikia kitu kikisema wasikijibu. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa na kuitikia, "Karibuni!" Bi. Hidaya naye akisikia "tuko" huko bondeni, aliinjika maji ya chai, kwa kuwa mumewe yu njiani.

Mzee alipofariki, trekta likawa la mwanawe Kaoneka. Huyo alikuwa na mkono wa kutengeneza, jamani. Karbureta aliisafisha kwa petroli na unyoya wa kuku. Kiti kilipooza, alishona kingine kwa gunia. Vipuri vyake havikuwapo katika duka lolote, basi alivichonga mwenyewe kwa tupa, akivipima na kuvipima tena, huku mkewe akilalamika kwamba ua lote linanuka grisi. Kaoneka alicheka tu. Alijua anachokifanya.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja alipokatazwa. Mama yake alimwambia, "Shika popote, mwanangu, ila tumbo lake usilifungue. Ukilifungua utaitoa hiyo tuko. Ndiyo sauti ya baba yako iliyobaki hapa nyumbani."

Kaoneka alikuwa na shaka na mlio ule. Lakini mama ni mama, na trekta lilikuwa likilima. Akaliacha hivyo hivyo. Mwaka ukapita, na mwingine, hata yeye mwenyewe akaacha kuusikia.

Basi ikaja siku moja kabla ya masika. Miche ya kabichi ilikuwa imeshasimama kitaluni ikingoja ardhi. Kaoneka akaliegesha trekta kibandani nyuma ya jiko ili abadilishe oili, kama kawaida yake. Akafungua kizibo cha chini, oili ikatiririka kwenye karai. Jua likaipiga. Ikameta.

Kaoneka akashtuka. Alichovya kidole, akaisugua oili kati ya vidole viwili, akahisi chengachenga. Papo hapo akajua. Ndani ya injini mna mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, na mkono huo ulikuwa umelegea pale unapoushika mtaimbo unaozunguka. Kila "tuko" ilikuwa chuma kikigonga chuma. Siku ungekatika, ungetoboa injini ubavuni, na trekta jingine kama lile mlima mzima haukuwa nalo. Alichoachiwa na baba yake kingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Mama," akaita, "hebu njoo uone."

Bi. Hidaya akatoka jikoni na ungo wa maharage. "Nione nini? Oili chafu ni oili chafu."

"Tia kidole."

Akatia, akakiinua juani. "Mbona kinang'aa?"

"Hicho ni chuma, mama. Trekta linajila lenyewe. Kila likisema tuko, linajing'ata."

"Mwongo wee! Baba yako aliisikia kila siku, wala hakuligusa."

"Baba aliizoea. Na mimi niliizoea, nisikufiche. Lakini tukilipeleka shambani hivi lilivyo, litapasuka. Hapo halitasema tuko wala hatuko."

"Na ukilitengeneza?"

"Litalima, mama. Hilo nakuhakikishia. Ila tuko yenyewe itakwisha."

Bi. Hidaya akauweka ungo chini. Alikasirika, na hasira ile ilikuwa ya uchungu. Akakitazama kidole chake kinachometa, akakitazama weee, kisha akasema taratibu, "Kikohozi."

"Kikohozi gani, mama?"

"Cha baba yako. Umesahau? Kabla hajaonekana pale kwenye kona, kikohozi kilimtangulia. Nilikuwa nikimtania, mume wangu hahitaji kupiga hodi. Nanyi watoto mlikuwa mkikimbia, 'Baba huyoo!' Tulikipenda, Kaoneka. Kilikuwa chake kama kofia yake. Hata siku moja hakuna aliyemwambia twende tukapime. Mwisho tulipompeleka, daktari aliniuliza, 'Mama, kimeanza lini?' Nikakosa jibu." Akajifuta kidole kwenye kanga. "Mlio uliouzoea si uzima, mwanangu. Fungua."

Kaoneka hakungoja aambiwe tena. Akalilaza trekta ubavu juu ya magunia, akafungua nati moja moja na kumpa mama yake, naye akawa anazipokea kwenye bakuli. Tumbo likawa wazi. Pale mkono wa chuma unapoushika mtaimbo, waliounda walikuwa wameweka vibati vyembamba kama maganda ya kitunguu, ili vikitolewa mshiko ukaze tena. Miaka yote ile dawa ilikuwa ndani humo humo! Akatoa kibati kimoja kila upande, akakaza, akazungusha kwa mkono. Pagumu. Akafungua, akaukwangua mshiko kidogo, akakaza tena. Pakazunguka bila kukwama na bila kucheza. Akafunga, akalisimamisha trekta, akatia oili mpya, akavuta kamba.

Injini ikaitika mara moja. Ikanguruma polepole, laini, bila kugonga.

Bi. Hidaya akalia. Hakujificha. Kisha akajifunga kanga na kusema, "Twende shamba."

Wakapanda mlima, Kaoneka amekalia trekta lenye mzigo wa miche, mama yake nyuma kwa miguu. Wanawake walikuwa wameinama wakipalilia. Hakuna aliyeinua kichwa, maana hakuna aliyesikia ile tuko. Hakuna aliyesema karibuni.  Kaoneka alihisi kana kwamba wamepita watu wasiojulikana.

Ndipo Bi. Hidaya aliposimama pale nyuma, akajaza kifua, akapiga ukelele uliofika ng'ambo ya bonde:

"Tukoooo!"

Majembe yakasimama. Vichwa vyote vikainuka, na shamba zima likaitikia, "Karibuniiii!"

Tangu siku ile, wapandapo na trekta lile, mtu mmoja lazima apige ukelele. Na trekta lipo. Kabichi mlizokula jana zililimwa nalo.

Haya, Hozza. Sikukuona ukicheka safari hii. Viatu vyako viko mlangoni, na zahanati iko wazi. Huko watakuuliza kimeanza lini, nawe ukajibu mapema, ungali unakumbuka. Nyanyuka, mwanangu. Mlio uliouzoea si uzima.