Kanga Aliyoachiwa Diwani

Kanga ya msafiri haifuliwi. Ndivyo alivyosema bibi yenu pale mlangoni, Tausi alipokuwa anatandua kitanda cha kaka yake, na basi la kaka mtu halijafika hata Nzega. Mmecheka, halafu mmeuliza imetoka wapi, maana shuleni hamkufundishwa. Mngefundishwaje, na methali yenyewe bado changa? Ilianzia hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia na mtu anaishika simu yake kama ameshika yai. Aliyeianzisha alikuwa bingwa wa usafi, na aliyesababisha alikuwa paka. Ilikuwa hivi.

Palikuwa na kijana mmoja, Maganga, aliyefanya kazi ya kutandika vitanda kwenye gesti moja jirani na stesheni ya reli. Gesti ile ilikuwa na sheria moja tu, na Maganga aliijua kama jina lake: mgeni akitoka, usibaki hata unywele wake. Mtu anashika begi lake kuelekea kwenye treni, huku nyuma shuka limeshatolewa, foronya imeshaingia kwenye beseni, sakafu imeshapigwa deki. Anayekuja baadaye asijue kama kuna mtu aliwahi kulala pale. Maganga aliifanya kazi hiyo mpaka mikono yake ikawa inanuka sabuni ya mche hata akitoka kula nyama choma.

Gesti ilipofungwa, akajibunia kazi ambayo Ng'ambo nzima haijawahi kuiona: kulea wanyama wa watu waliosafiri. Alianza na kasuku wa bwana mmoja wa reli, akaja mbwa wa mganga wa hospitali, kisha sungura wa masista. Ukisafiri, unamwachia Maganga ufunguo, anahamia kwako, anamlisha mnyama wako, anakutunzia nyumba. Ukirudi unamkuta mnyama amenenepa na nyumba inang'aa. Watu walimtania weee. "Maganga, kasuku kashaota meno?" "Maganga, sungura unawanyonyesha mwenyewe au umeajiri?" Yeye anacheka tu, anapita na ndoo yake.

Sasa, mtaani palikuwa na mama mtu mzima, Bi. Nyamizi, mjane, muuza asali. Asali yake ilitoka porini na masega yake, akaikamua mwenyewe uani, akayeyusha nta, na moshi wa kazi hiyo haukumtoka mwilini. Ukipishana naye gizani unajua huyu ni Bi. Nyamizi: moshi, nta, na mafuta ya nazi kidogo. Aliishi peke yake na paka dume, mkubwa, wa kijivu, jina lake Diwani. Aliitwa hivyo kwa sababu kila penye kikao alikuwepo na kila kikao alisinzia. Paka huyo aliletwa na marehemu mume wake akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia. Mume akafa, paka akabaki. Mengine mnaweza kuyamalizia wenyewe.

Binti yake Bi. Nyamizi aliyeolewa Dodoma akajifungua, tena kwa kupasuliwa, na mama akatakiwa akamlee mzazi. Ndipo akamwita Maganga.

"Chakula chake dagaa wa Kigoma, wachemshe bila chumvi," akamwambia. "Usimpe maziwa, yanamfanya ajisahau. Na hii kanga muachie hapo anapolala."

Ilikuwa kanga ya kushindia, nyekundu na nyeupe, imefubaa, na jina lake limeandikwa: UKIRUDI UTANIKUTA. Nusu ya doti ile akamtandikia Diwani kwenye kona ya chumba. Nusu nyingine akajitanda mwenyewe, akaenda zake stesheni.

Treni haijapiga honi ya kuondoka, Maganga kashika ufagio.

Jirani, Mama Kalunde, mwanamke ambaye ukuta wa uani kwake ulikuwa wa kuegemea tu, akamwona. "We Maganga. Mwenye nyumba hajatoka hata nje ya mji, unafagia? Hujui unamfagia msafiri?"

"Mama, ningefuata hayo kule gesti, wageni wangelala kwenye maganda ya karanga."

Akafagia, akapiga deki, akafuta vumbi mpaka juu ya mlango. Alipofika kwenye kona ya Diwani akaiona ile kanga: manyoya, alama za nta, masizi. Moyo wa kazi ukamuuma. Akailoweka. Akaisugua, akaisuuza, akaitia bluu, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe kama karatasi. Akaikunja mara nne, akaiweka pale pale kwenye kona, akajisikia vizuri.

Diwani alirudi kutoka matembezini, akaenda moja kwa moja kwenye kona yake. Akaweka pua. Akaitoa. Akaizunguka ile kanga, akaikwaruza mara moja kama mtu anayebisha hodi, akasubiri. Kisha akaingia uvunguni mwa kitanda cha Bi. Nyamizi, akalala kwenye sakafu tupu, amegeukia ukuta.

Siku hiyo hakula. Maganga akasema ni ugeni tu. Kesho yake hakula. Maganga akachemsha dagaa upya, akaleta maini, akavunja amri akaleta maziwa, mwisho akanunua sato mzima, ambaye aliishia kuliwa kwa Mama Kalunde. Bwana mifugo akaja, akamfungua mdomo, akamtomasa tumbo, akasema paka huyu haumwi. "Sasa ana nini?" "Labda ana mambo yake," bwana mifugo akajibu, akapanda baiskeli.

Diwani akawa anapungua. Lile tumbo la vikao likaisha, mbavu zikaanza kuonekana. Kila mlango ukilia alikuwa anainua kichwa. Akimwona Maganga, anakishusha taratibu. Maganga alikuwa amelea wanyama wa kila aina, lakini hakuwahi kutazamwa hivyo, kama mtu aliyefungua mlango kwa makosa.

Simu ikalia. Alikuwa nayo simu, kaletewa na mkewe, hilo tutalifikia. Ilikuwa namba ya mkwe wa Bi. Nyamizi, na sauti ya Bi. Nyamizi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Diwani hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Maganga, hajambo haina kidogo."

Akashindwa kudanganya. "Hali kitu, bibi. Analamba maji tu. Nimempa kila kitu. Naogopa, bibi. Akikaa hivi hatafika mwisho wa wiki."

Kule upande wa pili kitoto kilikuwa kinalia. Bi. Nyamizi akauliza, "Analala wapi?"

"Uvunguni. Chini kabisa."

"Na kanga yangu?"

"Ipo, bibi, tena safi. Nimeifua, nimeitia bluu, nimeipiga pasi. Hata maandishi sasa yanasomeka ukiwa mlangoni."

"Umeifua."

"Nimeifua, bibi."

Hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alishusha tu pumzi ndefu, akasema polepole, "Mwanangu, Diwani hajui kusoma. Ile sikumuachia ya kulalia. Pale nilijiacha mimi."

Maganga akageuka. Akaitazama kanga kwenye kona, imekunjwa mara nne, UKIRUDI UTANIKUTA, na hakuna wa kukutwa. Akazungusha macho nyumba nzima akitafuta kitu chochote kilichobaki na mwenye nyumba: mto, taulo, kitambaa cha kushikia sufuria. Vyote vilinuka sabuni ya mche. Alikuwa amemtoa Bi. Nyamizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa bidii, bila kuacha hata unywele.

"Bibi, rudi," akasema.

"Nirudije? Binti yangu kashonwa nyuzi, hawezi hata kugeuka." Kisha sauti ikabadilika, ikawa inamsemesha mama wa mkwe wake kule kule Dodoma. "Mama mkwe, hiyo unaipeleka wapi? Hapana, usiloweke. Nimesema usiloweke, lete hapa." Akarudi kwenye simu. "Maganga. Nusu ya pili ninayo. Nimeshinda nayo jikoni, nimelala nayo, sijaivua ila kuoga. Nenda kaingoje treni."

Treni ya kati mnaijua, na siku hiyo ilikuwa treni ya kati kweli kweli. Maganga alimwomba Mama Kalunde amwangalie Diwani pale uvunguni, akakaa stesheni mpaka wauza karanga wakamzoea. Ilipoingia, mhudumu wa behewa la chakula akateremka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo.

"We ndiye wa Bi. Nyamizi? Kaniambia nisiufungue wala nisiuweke karibu na vitunguu. Kuna nini humu, dhahabu?"

"Kanga chafu."

Mhudumu akamtazama, akautazama mfuko. "Yaani nimeipakata kanga chafu toka Dodoma."

"Asante sana, kaka."

Alifika nyumbani kwa Bi. Nyamizi akafungua mafundo yale, harufu ikatoka: moshi, nta, mafuta ya nazi, na jasho la mtu anayembembeleza mjukuu. Hakuikunja. Aliitupa tu kwenye kona jinsi ilivyo, akarudi nyuma, akakaa sakafuni mgongo ukutani.

Diwani hakutoka. Maganga akahisi amechelewa. Halafu akasikia kucha kwenye sakafu. Paka akaja akiyumba, akasimama mbali na kanga, kama anaogopa kudanganywa tena. Akanyoosha shingo. Pua ikafika. Akaingiza uso wote ndani ya mikunjo, akabaki hivyo, miguu imesimama kichwa kimezama, mpaka miguu nayo ikachoka akalala. Akaanza kukoroma ule mkoromo wa paka walioridhika, mwembamba kwa sababu ya njaa. Baadaye sana alikula dagaa mmoja. Akapumzika. Akala wa pili.

Maganga akatoka uani. Nguo alizofua zilikuwa kwenye kamba, nyeupe, zinapepea. Akasimama katikati yake na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu likamrudia.

Mkewe Maganga aliitwa Mgeni. Ndilo jina lake, msicheke. Alikuwa amekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, mkataba mrefu. Siku aliyoondoka, Maganga alimsindikiza, akarudi nyumbani, na mikono yake ikafanya kilichozoea: ikatandua kitanda, ikaloweka mashuka, ikafua foronya, ikafua na kanga mbili ambazo mkewe aliziacha mlangoni. Mgeni akitoka, usibaki hata unywele wake. Usiku ule alipojilaza upande wa mkewe akavuta pumzi, na mto ukamnukia gesti. Tangu siku hiyo alikuwa anasikia sauti ya mkewe kwenye simu aliyomtumia toka huko, lakini mkewe mwenyewe hakuwa na mahali pa kumkuta.

Ijumaa Mgeni akapiga, kama kawaida yake. Maganga alikuwa uani kwa Bi. Nyamizi, na Mama Kalunde alikuwa ukutani, kama kawaida yake naye.

"Kuna dada anarudi nyumbani mwezi ujao," Mgeni akasema. "Nimpe akuletee nini? Saa? Manukato?"

"Nipe kanga."

"Kanga? Maganga, kanga zinatoka huko zinakuja huku."

"Uliyoivaa."

"Hii?" Akacheka. "Hii ya jikoni, ina vitunguu na jasho, imetoboka. Basi ngoja niifue."

"Usifue."

"Hebu nisikie vizuri. Wewe, unayefua mpaka kamba ya kuanikia, unaniambia mimi nisifue?"

Maganga akajaribu kueleza habari ya paka, ikamkwama. Akasema tu, "Mgeni, usifue. Kanga ya msafiri haifuliwi."

Kule Muscat mkewe akavuta kamasi.

"Basi na wewe nitumie shati."

"Yote nimefua."

"Najua umefua, si nakujua? Vaa moja leo. Lifanyie kazi, lilalie, halafu ulitume hivyo hivyo. Nimechoka kunusa nyumba za watu."

Mama Kalunde akashuka ukutani bila kuaga, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kufikia jioni neno lile lilikuwa limefika sokoni, na kufikia Jumapili mama mmoja alimzuia nalo mfanyakazi wake asiguse koti la mumewe.

Bi. Nyamizi alirudi mjukuu aliponenepa. Diwani alimtazama, akamgeuzia mgongo kama diwani yeyote baada ya uchaguzi, akanuna mpaka alasiri. Kisha akampanda mapajani na hakushuka. Bi. Nyamizi akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama. "Maganga, wewe wa kuniachia vumbi?"

"Ni la kwako, bibi. Nilikuwa nalitunza."

Mgeni mwenyewe alichelewa. Mkataba ukazaa mkataba. Lakini kifurushi kilifika, yule dada alikipakia kwenye treni. Karani wa mizigo alikifungua kukagua, akakunja pua, akauliza kama huko Muscat sabuni imepanda bei. Maganga aliichukua kanga ile yenye vitunguu na tundu, akaishika kwa mikono miwili, akatembea nayo mpaka nyumbani akiwa ameikumbatia kifuani, mchana kweupe, Ng'ambo nzima inatazama, na hakuna aliyemtania.

Basi, Tausi, rudisha shuka la kaka yako kitandani. Soksi zake fua, tena fua leo, hizo hazina methali. Lakini shuka liache kama lilivyo, na mama yako ukimkuta amekaa pale kitandani bila sababu, usimuulize. Kanga ya msafiri haifuliwi.