Hodi ya Mama Tunu Barabarani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanatandika vitanda vyao na kufunga milango yao kwa komeo, palikuwa na mbuga iliyosawazika kama sinia. Hata kichuguu hakikuwapo. Katikati ilipita barabara moja iliyonyooka, na mwisho wa barabara palikuwa na kisima.

Kila mwaka kabla ya kiangazi, wanyama wote walipanda baiskeli wakashindana kwenda kisimani. Wote kabisa: ngiri, ngedere, hata bata na kobe. Aliyefika wa kwanza ndiye aliyepanga zamu za kuchota maji kiangazi kizima.

Siku zote alishinda Nyati. Akishachota yeye, anafuata Kiboko jirani yake, kisha wakubwa wengine. Zamu ikiwafikia wadogo, kisimani limebaki tope.

Mama Tunu, digidigi, alilichuja tope hilo kwa kanga. Siku moja mwanawe Tunu alitazama ndani ya kikombe akauliza, "Mama, maji hasa yana rangi gani?"

Mama Tunu alikwenda kuishusha baiskeli yake ukutani.

Akaanza mazoezi. Akanyonga pedeli, akanyonga, lakini upepo wa mbuga ulimpiga kifuani, vuuu, akawa kama anaendesha ndani ya uji.

"Wenzetu wana vilima," alisema akihema. "Sisi kilima chetu ni upepo."

Mara wakampita Nyati na Kiboko, nao wako mazoezini, bega kwa bega, wameijaza barabara yote. Mama Tunu akajikuta nyuma yao. Kanga yake, iliyokuwa inapepea pa-pa-pa mabegani, ikatulia kama imetundikwa chumbani. Pedeli zikawa nyepesi. Akatabasamu peke yake.

Kiboko akageuza shingo. "Unatufuata nini, mama?"

"Shikamooni, wajomba. Mdogo atawatanguliaje wakubwa? Mahali pangu ni nyuma yenu."

"Marahaba," akasema Kiboko. "Umemsikia, Nyati? Huyu amelelewa."

"Akae huko huko," akajibu Nyati. "Vumbi letu lina baraka."

Basi Mama Tunu akapata nusu ya safari. Lakini nusu ya pili ilimkosesha raha. Mwenye kukaa nyuma hadi mwisho hufika nyuma. Na wale wawili walikuwa ukuta. Ukuta haurukwi na digidigi, wala hausukumwi.

"Ukuta una mlango," akajiambia huku akipepeta mchele. "Na mlango una namna yake."

Sasa sikilizeni. Nyati, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa na sifa moja njema: nyumbani kwake hodi haikuanguka chini. Mama yake alimfunza kwamba nyumba isiyoitikia hodi si nyumba, ni pango. Hata akiwa usingizini, akisikia hodi aliitikia kwanza ndipo akafumbua macho.

Kesho yake alikuwa anakula na Kiboko mkekani, wakasikia kengele ya baiskeli uani.

Kring, kring. "Hodi, wenyewe."

"Karibu, pita," akasema Nyati.

Wakasogea, Nyati huku, Kiboko kule, wakamwachia mgeni nafasi katikati. Mama Tunu akaomba pampu. Haukupita muda, akarudi.

Kring, kring. "Hodi, wenyewe."

"Karibu, pita." Nyati huku, Kiboko kule. Amerudisha pampu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Leo chumvi, kesho kiberiti, keshokutwa amekuja kuuliza tu kama wameamka salama. Kring, kring. Karibu, pita. Nyati huku, Kiboko kule.

"Mama Tunu," Nyati alisema siku moja, tonge likiwa mdomoni, "wenzako wanajiandaa na mbio. Wewe unajiandaa na umbea?"

"Nafanya mazoezi, mjomba."

"Mazoezi ya kupiga hodi," akasema Kiboko, na wote wawili wakacheka hadi mchuzi ukamwagika.

Siku ya kuamkia mbio, watu walijaa kwa fundi Nungunungu, ambaye kila pancha aliyoziba aliitoboa tena kwa miiba yake alipogeuka. Mama Tunu alifungua kerea ya kubebea mizigo akaiweka chini. Akafungua madigadi ya kukinga tope, akafungua na stendi, ili baiskeli iwe nyepesi. Kengele akaiacha.

"Umevua kila kitu," akasema Nyati. "Kengele ya nini? Utampigia nani na wewe uko mwisho?"

"Ni ya adabu, mjomba."

Asubuhi Twiga, mwamuzi, alisimama kisimani, maana shingo yake iliona hadi walikoanzia. Akapunga kitambaa. Chwaaa! Matairi yakaondoka kwa pamoja kama mvua juu ya bati. Bata akaanguka, akainuka, akaendelea. Kobe akasalimia kila mtu aliyempita.

Nyati na Kiboko wakaushika upepo kwa vifua vyao. Nyuma yao, kimya kama kivuli, kulikuwa na Mama Tunu. Ngiri alijaribu kuufuata mwendo ule akaachwa. Ngedere akaachwa. Barabara ikaisha taratibu, jasho likawatiririka wakubwa, na kanga ya Mama Tunu haikupepea hata mara moja.

Kisima kikaonekana. Nyati akainama juu ya usukani. Kiboko akakoroma, "Sukuma, ndugu yangu, sukuma."

Kring, kring.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, pita," akasema Nyati.

Nyati akaenda huku, Kiboko akaenda kule.

Mama Tunu akapita katikati, fyuu, miguu yake mipya kama haijanyonga pedeli tangu asubuhi. Nyati alipofunga mdomo, tairi la digidigi lilikuwa limekwishagusa ukingo wa kisima.

"Sikubali," Nyati akamwambia Twiga, povu linamtoka. "Mdogo hamtangulii mkubwa. Huyu amevunja adabu."

Twiga akainamisha shingo yote hadi usoni pake. "Alipiga hodi?"

"Alipiga."

"Ukamjibu nini?"

Nyati akatazama chini. "Nilimwambia karibu."

"Karibu tu?"

"Karibu, pita," akasema Nyati kwa sauti ndogo.

"Basi amepita."

Kiboko ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Nyati mwenyewe akashindwa kujizuia. "Kumbe tulikuwa tunafundishwa," akasema, "na chumvi yetu tumempa."

Kiangazi kilipoingia, Mama Tunu alipanga zamu, wadogo mbele. Tunu akatumbukiza kikombe chake, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hayana rangi," akasema. "Namuona mtu humu ndani."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Mama Tunu akasimama wima, shingo imenyooka kuliko ya Twiga. Nyuma ya mstari ikasikika sauti nzito ya Nyati, ya upole, "Hodi, wenyewe."

"Karibu, mjomba," akaitikia Mama Tunu. "Maji yapo, yatakufikia."

Nami hadithi yangu naifungia hapo, wanangu: mkubwa hasukumwi, hupigiwa hodi.