Vuai na Mchango wa Harusi ya Liwali

Palikuwa na Liwali mmoja katika mji wa Mwambakuu, jina lake Dahmani, mwenye majumba matatu, minazi isiyohesabika na mkono uliozoea kupokea tu. Siku alipomwoza binti yake wa pekee, aliona uchungu kugusa fedha zake wakati mji mzima una mifuko. Mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza: kila nyumba ilete mchango wa reale kumi, na asiyeleta atanyang'anywa chombo chake cha kazi. Liwali alisema hiyo ni mila. Mila gani, jamani? Mtu huyo hajawahi kumpelekea jirani hata kijiko cha chumvi.

Mbiu ikamfikia Vuai, mchoma chokaa. Reale kumi kwake ndiyo bei ya punda wake, na bila punda mawe hayafiki tanurini wala chokaa haiwafikii waashi.

"Utafanyaje?" akauliza mkewe, Bi Mwanamkasi.

"Nitachanga."

"Na watoto kumi na mmoja watakula nini?"

"Hao ndio tegemeo langu," akasema Vuai, akamfungua punda na kushika njia.

Barazani alimkuta Liwali ameketi juu ya zulia pamoja na Bwana Mauli, baba wa bwana harusi, tajiri wa mji mwingine. Mbele ya mgeni huyo Liwali alikuwa amevimba kama andazi lililozidi hamira. Karani alikuwa na kitabu, na watu wa mji walisimama kwenye foleni, kila mmoja ameshika kibindo chake kana kwamba kinamuuma.

"Vuai," akasema Liwali, "naona umekuja na punda. Umeleta mchango, au umeleta kilio?"

"Nimeleta mchango, Bwana Liwali. Punda huyo ndiye reale kumi zangu. Lakini nina swali dogo, nalo nataka mgeni wetu alisikie. Kwa mila yetu, anayechangiwa harusi, naye hurudisha mwenzake akiwa na shughuli?"

Liwali akamtupia jicho Bwana Mauli, kisha akapanua kifua. "Hurudisha vilevile, bila kupunguza hata pesa moja. Mimi ni mtu wa mila."

"Hata kwetu ndivyo," akasema Bwana Mauli. "Asiyerudisha hatumwozi wala hatumwoi."

"Alhamdulillahi," akasema Vuai. "Karani, niandikie kumi. Na chini yake andika shughuli zangu. Mabinti saba, harusi saba. Wavulana wanne, tohara nne na harusi nne. Jumla shughuli kumi na tano."

Kalamu ya karani ikasimama hewani. Liwali akakohoa.

"Vuai, mabinti zako si wadogo bado?"

"Wa kwanza anaolewa mwezi ujao. Wa pili kaposwa. Wa tatu, kila jioni mlangoni kuna mtu anaulizia maji ya kunywa, na si kiu hiyo."

"Lakini wavulana ni watoto tu."

"Ndiyo maana hawajatahiriwa, Bwana. Ngariba nimeshamwita, atawamaliza wote wanne kwa siku moja. Ila shughuli ni nne."

Kwenye foleni watu walianza kunong'onezana. Mmoja alisikika akihesabu wanawe, kisha akaongeza na wajukuu. Liwali alikuwa na binti mmoja tu, na hesabu alizijua vizuri mno, hasa za kutoka. Akainua mkono.

"Karani, huyu ni maskini. Tumwonee huruma. Mwandikie tano."

"Tano?" akasema Vuai. "Tano kwa binti wa Liwali? Mji utasema nimekutukana. Andika kumi na tano. Nitauza na mlango wa nyumba."

"Mbili zatosha, Vuai."

"Ishirini. Nitauza na kitanda. Mimi na mama watoto tutalala mkekani kwa heshima yako."

Vuai aliijua hatari yake. Liwali angesema "ndiyo" mara moja tu, jioni ile familia nzima ingekuwa nje, bila punda, bila mlango, bila kitanda. Lakini aliijua roho ya Dahmani. Roho ile haikuwahi kukubali kutoa kesho ili ipate leo.

"Reale moja," akasema Liwali, sauti imeanza kukwaruza.

"Ishirini na tano, Bwana. Na nisisahau, mke wangu ni mjamzito, na mkunga anasema tumbo lile si la mtoto mmoja. Karani, acha nafasi hapo chini."

Bwana Mauli alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kilemba. "Bwana Dahmani," akasema, "unapewa ishirini na tano unataka moja? Sijaona biashara ya namna hii."

Liwali akainama, akamvuta Vuai kanzu. "Chukua punda wako uende," akanong'ona. "Nimekusamehe. Usitoe kitu."

"Na mila, Bwana?"

"Karani, mfute. Na hao wengine kwenye foleni wafute pia. Harusi hii naigharimia mwenyewe."

Vuai akaishika kamba ya punda. Akamtazama Liwali kwa huruma, kuanzia kilemba cha hariri mpaka viatu vya ngozi, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni:

"Kama huna uwezo wa kuchangiwa, Bwana, ungesema mapema. Sisi huku hatumcheki maskini."