Macho ya Muuzaji

"Ugenini usiazime macho ya muuzaji." Mmemsikia babu yenu akiisema, mkacheka, na sasa mnataka kujua kaitoa wapi. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo.

Mama yenu Mishi alipoolewa huku Ngazidja, visiwani Komoro, babu yenu aliuza tanuri lake la mikate kule Tanga ili tununue nyumba karibu naye. Hatukuwa na kingine. Tukampata Bwana Soilihi, mcheshi kweli, mwenye nyumba ya mawe na baraza pana. Babu yenu akaipenda kabla hajavua viatu.

"Msihangaike na wakili," Soilihi alisema. "Ninaye wangu, tena ni bure. Yeye ndiye atakuwa macho yenu."

Babu yenu, bahili tangu utoto, akafurahi. Mimi moyo ulikataa.

"Baba Mishi, huyo wakili analishwa na nani?"

Akanuna, lakini akakubali tutafute wetu. Mama yenu akatupeleka kwa Bi Echati, wakili wa mjini. Yeye hakuanza na hati. Alimwuliza Soilihi, "Nyumba hii uliijenga, au ni ya ukoo wa mama yako?"

"Mwanamume kwetu ni mimi peke yangu."

"Sikuuliza hivyo. Dada zako wako wapi?"

Soilihi akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Ninyi mliozaliwa huku mnacheka, lakini babu yenu alibaki ameduwaa. Kwetu mwanamume akisema "nyumba yangu," yamekwisha. Bi Echati akamweleza kwamba nyumba kama ile hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kaka hawezi kuiuza. Tukaenda kwa dada mkubwa wa Soilihi, tukamkuta uani mwa nyumba ileile akikuna nazi.

"Poleni," alisema. "Mngelipa, mngelala nje. Mimi hapa sitoki."

Babu yenu akaketi palepale uani, akalia kwa furaha, fedha zake zote zingali kibindoni. Akamlipa Bi Echati bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sijaliona tena. Nyumba hii mnayokaa tuliinunua baadaye, naye Bi Echati aliichunguza kwanza.

Siku ile tukirudi, babu yenu alisema, "Mama Mishi, yule wakili wa bure si kipofu. Anaona vizuri sana, ila macho yake yanamtumikia Soilihi."

Ndipo akaitamka: ugenini usiazime macho ya muuzaji.